Injini inamisi, kabureta inaonewa

Trekta la bustani la zamani likianza kumisi, yaani mlio kukatikakatika, kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo hufunguliwa kwanza. Iko nje, ina skrubu mbili zinazovutia bisibisi, na kila mtu amewahi kusikia fundi akisema imeziba. Saa moja baadaye skrubu zimezungushwa mpaka hakuna anayekumbuka zilikuwa wapi, gasketi imechanika, na injini bado inamisi. Ugonjwa ulikuwa mmoja, sasa ni mawili.

Kabureta ya injini hizi huonewa kuliko inavyokosea. Anayestahili kushukiwa kwanza ni moto wa plagi, tena si plagi yenyewe bali njia ndefu ya nyaya, swichi na platini (vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana) inayoufikisha pale. Na hata kabla ya moto kuna swali lisilohitaji spana: inamisi lini?

Mfano wetu ni injini za Kohler za familia ya K zenye silinda moja: K241 ya nguvu farasi 10, K301 ya 12, K321 ya 14 na K341 ya 16. Matrekta mengi ya bustani ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yalifungwa injini za ukoo huu, zikiwemo Cub Cadet za International Harvester zilizoanza 1961, Wheel Horse, na John Deere za 110 na 112. Silinda ni ya chuma cha kusubu, valvu zimesimama pembeni ya silinda badala ya kuwa juu yake, na nyingi hupata moto kwa betri, koili, platini na kondensa kama magari ya zamani. Ni injini ngumu kufa. Ndiyo maana nyingi zipo hai mpaka leo, na ndiyo maana zinamisi: chuma kimedumu, nyaya hazikudumu.

Je, inamisi kweli?

Watu huita kumisi milio mitatu tofauti, na kila mmoja una mzizi wake.

Wa kwanza ndio kumisi kwenyewe. Mlio unakatika bila mpangilio, pa-pa-pa, kimya, pa-pa, kisha kimya tena. Petroli iliyokosa kuwaka inasukumwa kwenye ekzosi, na mara nyingi inawakia humo kwa kishindo pale moshi wa moto unaofuata unapoifikia. Mzunguko wa juu wa injini hizi ni 3,600 kwa dakika. Injini ni ya mipigo minne, kwa hiyo silinda inahitaji moto mara moja kila mizunguko miwili, yaani mara 30 kwa sekunde. Zikipotea mbili tatu kati ya hizo 30, kiti kinatikisika. Injini ya silinda nne ingeficha kosa hilo nyuma ya silinda nyingine. Ya silinda moja haina pa kujificha.

Mlio wa pili ni kupanda na kushuka kwa mpangilio, kama mtu anayehema. Huo si kumisi, ni gavana, kifaa kinachoshikilia kasi ya injini, inayotafuta kasi yake. Tazama mkono wa gavana huku ukisikiliza. Ukienda na kurudi taratibu, ukitangulia mlio, basi mchanganyiko una petroli kidogo mno, au springi ya gavana imetundikwa tundu lisilo lake, au viungo vya mkono vimelegea. Lakini mlio ukikatika kwanza na mkono ukaruka baadaye, gavana inajibu tu kosa la mahali pengine.

Wa tatu ni chafya: injini inapiga mlipuko mdogo kurudi nyuma kupitia kabureta. Hapo fikiria petroli kidogo, valvu ya kuingizia isiyofunga vizuri, au taimingi (wakati wa moto kupiga) iliyohama. Moto ulio hafifu tu hupigia ekzosini zaidi kuliko kwenye kabureta. Si kanuni ya kuapia, ila inapunguza kazi.

Saa ya kumisi

Injini inayomisi ikipewa mzigo tu, mfano visu vya kukatia nyasi vinapoingizwa au trekta linapopanda kilima, inakwambia moto ni hafifu au petroli haifiki ya kutosha. Tutarudi kwenye sababu yake, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Inayomisi kwenye mzunguko wa chini peke yake na kutulia ukiipa mafuta ina hewa inayoingia pasipostahili, kwa kawaida kwenye gasketi kati ya kabureta na injini au pembeni mwa kijiti cha kipepeo cha kabureta (kibamba kinachoachia hewa kuingia) kilicholika. Au njia ya petroli ya mzunguko wa chini imeziba, au valvu haikalii vizuri.

Ikienda salama dakika 15 au 20, ikafa taratibu, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika, kuna washukiwa watatu. Legeza kifuniko cha tangi palepale inapoanza kuzima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikafufuka, tundu la hewa la kifuniko limeziba na kabureta haina kosa lolote. Kifuniko kisipobadilisha kitu, pima moto palepale ikiwa bado imechemka: koili inayokufa hupoteza nguvu ikipata joto na kuzirudisha ikipoa. Wa tatu ni valvu ya ekzosi inayonata kwenye njia yake, naye tutamfikia mwishoni.

Na ile inayomisi trekta likiruka kwenye mashimo? Hiyo ni waya. Usifungue kitu. Injini ikiwa inanguruma taratibu, visu vimetolewa kazini na breki imefungwa, tikisa soketi moja moja, tikisa ufunguo kwenye swichi yake, kisha waya wa ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha trekta) kati ya betri na fremu. Kuwa mbali na mikanda na feni, na usiguse waya mnene wa plagi.

Moto, na mahali unapopotelea

Betri inapeleka umeme kupitia swichi ya ufunguo mpaka terminali chanya ya koili. Terminali hasi imeunganishwa na platini. Platini zikiwa zimegusana, umeme unapita kwenye koili hadi ethi, na koili inajenga nguvu ya sumaku. Kamshafti, shafti inayoinua valvu, ikizunguka inasukuma kijiti kifupi kinachoziachanisha platini. Umeme unakatika, sumaku inaporomoka kwa ghafla, na mporomoko huo ndio unaozaa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Kondensa ipo ili umeme usiruke kati ya platini wakati zinaachana. Kukatika kukiwa kwa ghafla, moto ni mkali. Kukiwa kwa kusitasita, moto ni hafifu na platini zinaungua.

Sasa lile la kudanganyika. Mtu anatoa plagi, anaigusisha na chuma cha injini, anazungusha stata, anaona cheche, anasema moto upo. Moto upo, ila umepimwa kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile. Injini ikipewa mzigo, gavana inafungua kipepeo, hewa nyingi zaidi inaingia na kubanwa, na volti inayohitajika inapanda tena. Ndiyo maana moto hafifu unatosha kuwasha injini na kuizungusha bila kazi, kisha unashindwa nyasi zinapokuwa ndefu. Tumia kipima moto chenye nafasi inayorekebishika. Kikiwekwa milimita 6 na cheche ikaruka kwa rangi ya samawati na mlio wa kukatika, moto unafaa. Cheche ya njano au nyekundu inayochagua mara iruke mara isiruke haifai hata kama injini inawaka. Kipimo hiki kifanyike mbali na tundu la plagi: mvuke wa petroli unaotoka hapo unawaka.

Kabla ya kununua kitu, chukua mita ya volti. Vipimo vitatu vifuatavyo huchukua dakika kumi, na ajabu ni jinsi vinavyorukwa.

Pima betri kwanza. Ikiwa imepumzika na imejaa inaonyesha karibu volti 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Kwenye Cub Cadet nyingi za zamani stata na jenereta ni chombo kimoja kinachozungushwa na mkanda. Mkanda ukilegea au regulata ikichoka, betri inashuka kidogo kidogo wakati wa kazi, na injini inayotegemea betri kwa moto inaanza kumisi baada ya saa moja ya kukata nyasi. Mtu atafungua kabureta mara tatu kabla ya kuutazama mkanda.

Kipimo cha pili: zungusha injini kwa mkono mpaka platini zigusane, fungua ufunguo, halafu pima kati ya terminali chanya ya koili na ethi. Linganisha na volti ya betri kwa wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unakwama: swichi ya ufunguo, soketi yenye kutu, fyuzi iliyolegea, au swichi za usalama za klachi na za visu ambazo baadhi ya modeli zimezipitisha kwenye njia ya moto. Usiache ufunguo wazi muda mrefu platini zikiwa zimegusana. Koili inavuta takriban ampea 3 na itachemka bure.

Cha tatu ndicho bora kuliko vyote. Platini zikiwa bado zimegusana, pima kati ya terminali hasi ya koili na ethi. Inapaswa kuwa karibu sifuri, isizidi volti 0.2. Ikisoma zaidi, platini ni chafu au bamba lake halina ethi nzuri. Kisha zungusha injini mpaka platini ziachane: mita iruke hadi volti ya betri. Isiporuka, ikabaki sifuri huku upande wa chanya ukiwa na umeme, kuna waya unaogusa ethi, kondensa imepiga shoti ndani, au waya wa ndani ya koili umekatika.

Kama kipimo cha pili kimeonyesha hasara, thibitisha kwa waya wa muda kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi chanya ya koili. Injini ikiacha kumisi, koili na platini hazina hatia. Kumbuka kwamba sasa ufunguo hauzimi injini, na swichi za usalama huenda zimerukwa. Itazima ukichomoa waya huo. Ni waya wa kupimia kwa dakika mbili tatu, visu vikiwa vimetolewa. Kuna matrekta yanaendeshwa hivyo miaka, na hilo halifai.

Platini

Kwenye Kohler K platini ziko ubavuni mwa injini chini ya kifuniko kidogo. Trekta lililolala msimu mzima hujengeka utando mwembamba juu ya nyuso za platini, usioonekana kwa macho, wa kutosha kuzuia volti 12. Pitisha tupa ndogo ya platini mara mbili tatu, kisha vuta kipande cha karatasi safi ngumu iliyoloweshwa spiriti kati yake mpaka karatasi itoke nyeupe. Msasa wa kawaida uache: chembe zake hubaki zimekwama kwenye chuma na kuzuia umeme uleule unaoutafuta.

Ukikuta mafuta ya injini ndani ya kifuniko, kusafisha ni kujidanganya. Kijiti kinachosukuma platini kinapita kwenye tundu lake kutoka ndani ya injini, na kijiti au tundu likilika, mafuta yanapanda nalo. Yataungua kwenye platini na kuzichafua tena baada ya wiki chache. Badilisha kijiti kwanza. Ni kipuri cha bei ndogo.

Nafasi ya platini ni inchi 0.020, sawa na milimita 0.5, ikipimwa kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) wakati zimeachana kabisa. Nafasi hii na taimingi ni kitu kimoja. Ukiongeza nafasi, platini zinaachana mapema na moto unawahi. Ukipunguza, moto unachelewa. Injini ya nafasi kubwa mno hurudisha teke kwenye stata. Ya nafasi ndogo mno inakuwa nzito, inachemka, na platini zinaungua. Kwa kuwa kijiti na platini hulika taratibu, kosa la kawaida ni nafasi iliyopungua pole pole bila mtu kugundua.

Kwa hiyo filageji ni ya kuanzia tu, hukumu inatolewa na alama ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Unganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya terminali hasi ya koili na ethi, fungua ufunguo, kisha zungusha flaiwili kwa mkono upande wa saa ukiitazama kutoka upande wake. Ndani ya tundu la kuchungulia utaona alama mbili: S, ambayo ni nyuzi 20 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na T, ambayo ni juu kabisa. Taa inapaswa kuwaka palepale S inapofika katikati ya tundu. Ikiwahi, punguza nafasi kidogo, ikichelewa, ongeza. Usishtuke S ikipita bila taa kubadilika: kamshafti inafungua platini mara moja kila mizunguko miwili, hivyo kila S ya pili si zamu yake. Ukilazimika kutoka nje ya inchi 0.017 hadi 0.022 ili kuipata S, kijiti kimelika.

Kondensa, koili, plagi

Kondensa haina njia ya kulika inayoonekana, ila huacha ushahidi: nyuso za platini zenye rangi ya bluu iliyoungua, au upande mmoja una kilima na wa pili una shimo. Mita yenye kipimo cha kapasita inapaswa kusoma karibu maikrofaradi 0.2. Ukifungua kifuniko injini ikizunguka na kuona cheche kali nyeupe kati ya platini, badilisha. Tatizo la siku hizi ni kondensa mpya ambazo ni mbovu tangu dukani, kwa hiyo usiitupe ya zamani kabla mpya haijathibitika.

Koili nayo ina mtego wake. Trekta hizi hazina rizista kwenye waya wa moto, zinahitaji koili ya volti 12 yenye upinzani wa ndani kati ya omu 3 na 5 kwenye terminali mbili ndogo. Koili ya gari inayohitaji rizista ya nje, yenye omu 1.5 hivi, itafanya kazi vizuri sana kwa siku kadhaa, kisha itaunguza platini na yenyewe. Hakikisha pia hasi imeelekea platini. Ikigeuzwa, moto unapiga lakini unahitaji volti zaidi kuruka, na utarudi kwenye kumisi chini ya mzigo.

Plagi ya injini hizi ni Champion H10C, au RH10C yenye rizista. Nafasi yake ni kati ya inchi 0.025 na 0.035 kulingana na modeli, kwa hiyo fuata kitabu cha injini uliyonayo. Isome kabla ya kuisafisha. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi au moto hafifu. Nyeusi yenye mafuta ni ringi za pistoni au njia ya valvu. Nyeupe yenye chembe ni joto na petroli kidogo. Waya mnene wa plagi uutazame gizani injini ikizunguka. Ukivuja utaona mstari wa samawati ukikimbilia chuma cha karibu.

Petroli

Ukiwa umethibitisha moto, sasa mafuta. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta na uelekeze kwenye chupa, injini ikiwa baridi. Kwa tangi lililo juu ya kabureta, chupa ipate robo lita ndani ya dakika moja. Injini ya nguvu farasi 12 haihitaji kiasi hicho hata kwenye mzigo mzito, kwa hiyo ukipata robo lita mtiririko unatosha. Ikidondoka, tafuta kuanzia juu: kifuniko, kichujio cha ndani ya tangi, bomba, kikombe cha kuchujia, mpira uliovimba ndani. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umejibana, kwa sababu petroli nyingi ya Marekani huuzwa ikiwa na etanoli hadi asilimia 10 na mipira ya miaka ya 1960 haikutengenezwa kwa hilo. Etanoli pia huvuta maji. Iache petroli ya chupa itulie: maji yatakaa chini kama tone linaloteleza peke yake.

Kuna kipimo kimoja cha bure kabla ya kugusa kabureta. Injini ikiwa inamisi, vuta choki robo. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuwa mbaya na kutoa moshi mweusi, ilikuwa imeshiba tayari. Isipobadilika kwa lolote, rudi kwenye moto.

Hewa ya kuiba itafute kwa kunyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye maungio ya kabureta na pembeni mwa kijiti cha kipepeo. Mlio ukibadilika, umepata. Mafundi wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, karibu kabisa na ekzosi yenye moto. Maji yanatosha.

Kama ni lazima kurekebisha skrubu, zungusha kila moja kuingia ndani taratibu huku ukihesabu, mpaka iguse, na uandike idadi. Usikaze: ncha ya skrubu ikitiwa mfereji, kabureta haitarekebishika tena. Kuanzia, skrubu kuu hufunguliwa mizunguko 2 na ile ya mzunguko wa chini mzunguko 1 na robo. Injini ikipata joto, kwa kasi ya juu, funga skrubu kuu mpaka mlio uanze kushuka, kisha ifungue mpaka ushuke tena kwa upande wa pili, halafu irudishe katikati. Ipe mzigo. Ikisita, fungua moja ya nane zaidi. Boya la kabureta, linaloamua kiasi cha petroli ndani yake, likiwa limegeuzwa juu chini huwekwa inchi 11/64 kutoka usoni mwa kabureta, takriban milimita 4.4. Boya la chini mno huleta njaa kwenye mzigo tu, sawasawa na moto hafifu.

Valvu

Usianze na kipimo cha kompresheni. Nyingi ya injini hizi zina kifaa kwenye kamshafti kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuwasha ili stata isilemewe. Geji itasoma chini hata injini ikiwa mpya, na wapo waliobadilisha ringi kwa sababu hiyo. Pima uvujaji badala yake: pistoni juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, flaiwili imezuiwa isizunguke, hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi. Ikisikika kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Kwenye bomba la kupumulia la injini, ni ringi. Mapovu ya sabuni ukingoni mwa hedi ni gasketi.

Nafasi za tapeti (vijiti vinavyosukuma valvu) za injini nne za mfano wetu, injini ikiwa baridi, ni inchi 0.008 hadi 0.010 kwa kuingizia na 0.017 hadi 0.020 kwa ekzosi. Kwenye K241 na kubwa zake tapeti zina skrubu za kurekebishia. Kwenye K181 na ndogo zake unasaga mwisho wa valvu, na ukisaga kupita kiasi hakuna kurudi. Valvu ya ekzosi yenye nafasi ndogo mno haifungi ikipata joto, na ndiyo mshukiwa yule wa tatu wa injini inayokufa baada ya dakika 20. Mwenzake ni masizi kwenye njia ya valvu.

Kwa wenye pampu na tila ndogo

Anayetumia pampu ya kumwagilia au tila (mashine ndogo ya kulimia) ya petroli yenye Honda GX160, au nakala zake za Kichina, hana platini wala hategemei betri kupata moto. Mpangilio wa kutafuta haubadiliki, vipimo vinabadilika: plagi BPR6ES yenye nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8, koili milimita 0.4 kutoka kwenye flaiwili, tapeti milimita 0.15 kuingizia na 0.20 ekzosi. Vitu viwili vinaitofautisha. Sumaku ya moto iko kwenye flaiwili, kwa hiyo kifunguo kidogo kinachoshika flaiwili kwenye krenki kikikatika nusu, taimingi inahama. Kwenye Kohler ya platini, kifunguo hichohicho kikikatika, moto unabaki mahali pake kwa kuwa unaamuliwa na kamshafti. Kinachodanganya ni alama ya S. Pili, GX160 nyingi zina swichi ya mafuta ya injini inayokata moto yakipungua. Pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa kingo za mto inaweza kumisi na kuzima ikiwa na mafuta karibu ya kutosha. Iweke mahali tambarare, jaza mafuta ya injini mpaka ukingo wa tundu, kisha ndipo ufikirie koili.

Kazi ikikulazimisha kufungua hedi ya Kohler, kaza bolti zake kwa mzunguko wa kupishana hadi paundi-futi 25 hadi 30, washa injini mpaka ipate joto, iache ipoe kabisa, halafu pitia bolti zote mara ya pili.